Kichochoro ni cha Nani?



Mwezi uliopita nilimkemea fundi baiskeli wa mtaani kwetu. Ni kijana niliyemfundisha hesabu tangu darasa la tatu, na kwa hiyo nilijiona nina haki ya kumkemea. Alianza na sanduku la spana na pampu moja chini ya mkungu. Baadaye akaleta benchi. Baadaye tena akasimamisha nguzo nne na bati la kuzuia jua. Na sasa fremu kuukuu na matairi yaliyokwisha yamejaa juu ya mtaro wa maji ya mvua, hata mtu hauoni mtaro wenyewe. Nikamwuliza, "Mwanangu, masika yakija maji haya yatapita wapi?" Akaacha kazi, akasimama, akafuta mikono kwa kitambaa. Kisha akasema, "Mwalimu, uniwie radhi nikuulize. Hapa pana mwenyewe? Kama pana mwenyewe, nionyeshe nikamwombe msamaha. Kama hapana mwenyewe, nimemkosea nani?"

Wenzake waliokuwa wakingojea baiskeli zao walicheka kidogo, si kwa dharau. Mimi sikucheka, wala sikumjibu. Nilikohoa, nikashika njia ya nyumbani. Msomaji atadhani kwamba mzee alishindwa na hoja. La, jibu nilikuwa nalo. Kilichonifunga mdomo ni kitu kingine, nacho nitakieleza mbele kidogo, maana nimekiweka moyoni tangu mwaka 2017 na naona kimekaa vya kutosha.

Kwa ajili ya ndugu zetu wa vijijini, ambao huja mjini kwa shughuli na kurudi jioni, yafaa kwanza niseme jinsi Ngamiani ilivyo. Ngamiani iko ng'ambo ya reli, upande wa kusini wa mji. Wajerumani walianza kuijenga reli ile hapa Tanga mwaka 1893, na tangu hapo imekuwa kama mstari wa penseli ulioukata mji vipande viwili. Upande wa bahari palikuwa na bandari, maofisi na maduka makubwa, na huko Raskazone zilikuwako nyumba za Wazungu zenye bustani na upepo. Upande huu wa pili tulikaa Waafrika. Barabara zetu hazikupewa majina ya magavana wala ya maua. Zilipewa namba tu, ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kuendelea hadi kupita ya ishirini, zimenyooka kama mistari ya daftari. Hata leo mtu akikuuliza unakaa wapi wamjibu kwa namba, naye tayari amekwisha kujua nusu ya habari zako.

Bandari, reli na mkonge vilivuta watu. Wadigo, Wabondei, Wasambaa, Wazigua na Wasegeju walikuwa karibu. Wanyamwezi, Waha, Wangoni na Wamakonde walitoka mbali, wengi wao wakiletwa kukata mkonge. Marehemu baba yangu alikuwa Mbondei, akafanya kazi ya reli, akajibana hata akapata nyumba. Ni nyumba ya kawaida ya kwetu pwani: vyumba sita, vitatu kila upande, na ukumbi katikati tangu mlango wa barazani hadi mlango wa uani. Uani ndiko kwenye jiko, choo, bafu na kamba za kuanikia. Chumba kimoja huweza kuwa ni nyumba ya mtu na mkewe na watoto wanne. Na nyuma ya ua kuna kichochoro, kinachotenga migongo ya nyumba zetu na migongo ya nyumba za barabara inayofuata. Kichochoro hakina namba wala jina.

Mtu wa kwetu hahitaji kwenda mbali. Alfajiri, kabla adhana haijaisha vizuri, mama wa vitumbua amekwisha kuwasha moto wake pembeni mwa barabara. Mahamri na mbaazi viko hatua thelathini. Kuna genge la mboga, duka la kuuza mafuta ya taa na sukari kwa vipimo vidogo vidogo, mashine ya kusaga, fundi cherehani barazani kwa mtu, kinyozi, zahanati, shule, msikiti, madrasa, kanisa. Soko la Mgandini si mbali. Jioni muuza kahawa huja na dele lake, na hapo barazani huamuliwa mambo yote ya dunia, tangu vita vya Ulaya hadi kwa nini Coastal Union hawajarudia yale waliyoyafanya mwaka 1988 walipotwaa ubingwa wa nchi. Katika hilo la mwisho sijasikia bado jibu lililoniridhisha.

Lakini watu wameongezeka na mahali ni palepale. Hesabu ya mwaka 2012 ilipata katika jiji la Tanga watu 273,332. Ile ya mwaka 2022 ikapata zaidi ya 390,000. Sehemu mpya za pembeni ya jiji zimepokea wengi, lakini hata Ngamiani, ambako hakuna kiwanja kilichobaki, wageni wamepata pa kuingia. Wameingia uani. Palipokuwa na mgomba pamejengwa chumba. Palipokuwa na banda la kuni pamejengwa chumba kingine.

Sasa nataka msomaji aone jambo moja ambalo mimi mwenyewe nililiona nikiwa nimekwisha kuzeeka. Mtu anayekaa katika chumba kimoja, nyumba yake haikuishia mlangoni. Sebule yake ni baraza. Uwanja wa watoto wake ni barabara. Mahali pake pa kupokea wageni wa msiba ni barabara vilevile, kwa turubai na viti vya kuazima. Njia yake ya kutolea taka, ya kupitishia mgonjwa usiku, ya kumkwepa mtu anayemdai, ni kichochoro. Tajiri akinyang'anywa bustani ya mji bado ana bustani yake nyuma ya ukuta. Mtu wa chumba kimoja akipunguziwa njia, amebomolewa sehemu ya nyumba yake. Tumezoea kusema kwamba maskini hana mali. Anayo, ila sehemu kubwa ya mali yake iko nje, mahali pasipo na kufuli.

Na vitu hivyo vya nje havikuota kama majani. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Nilipokuwa mtoto tulipanga foleni kwa ndoo penye bomba la mtaani, tukigombana nani ametangulia, wala haikunijia kuuliza maji yanatoka wapi. Yanatoka Mto Zigi, unaoshuka kutoka milima ya Amani, na mwaka 1978 ukazuiwa kwa bwawa la Mabayani ili mji upate maji. Mwaka 2024 mamlaka yetu ya maji iliuza hatifungani ya zaidi ya shilingi bilioni 53 ili kupanua kazi hiyo. Hata hivyo, kinachonigusa zaidi ni wale wakulima wa huko juu, walioungana katika umoja uitwao UWAMAKIZI ili kuuhifadhi mto. Mkulima yule ameambiwa asilime hadi ukingoni. Anaiacha ardhi nzuri yenye rutuba, ilhali watoto wake nao wanakula, kusudi maji yafike Ngamiani kwa mtu asiyemjua na ambaye hatamshukuru kamwe.

Nimewahi pia kuona mambo yakiharibika. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilivunjwa chini ya mpango wa Madaraka Mikoani. Mimi nilikuwa kijana wa miaka kumi na mitatu. Shabaha ilikuwa njema, maendeleo yawafikie watu wa vijijini, lakini miji ikabaki bila mwenye kuuliza habari za mitaro na majaa. Taka zikalala. Maji yakasimama. Kipindupindu kilipoenea nchini mwishoni mwa miaka ile, watu walijua kimepita wapi. Halmashauri za miji zikarudishwa mwaka 1978. Katika miaka ile balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mkali kweli kweli, alitutoa siku za Jumamosi kwa majembe na fagio, akahesabu vichwa. Tulimchukia. Lakini neno lililoingia katika lugha yetu wakati ule, na halijatoka, ni hili: "Hiyo ni ya serikali." Maana yake, si yangu mimi, na kikivunjika nisiulizwe.

Basi nifike kwenye habari yangu.

Mwaka 1996 nilikuwa mwalimu mwenye watoto watano na mshahara ambao waliokuwa walimu wakati ule wanaukumbuka. Mke wangu alitaka kufuga kuku wa kienyeji tupate mayai ya kuuza. Ua ulikuwa umejaa. Kichochoro cha nyuma kilikuwa na upana wa futi sita hivi, nami nikaona kwamba nikisogeza ukuta wangu futi mbili na nusu nje, nitapata mahali pa banda, na watu bado watapita. Nilipima mwenyewe kwa futi ya mbao ya darasani. Nilijua kabisa kwamba ninapima kisicho changu. Kama ningeliona ni changu, nisingelipima jioni baada ya watu kuingia ndani. Fundi alijenga kwa siku mbili. Hakuna aliyesema neno. Jirani mmoja alipita, akatazama, akasema, "Hongera kwa ujenzi, Mwalimu," nami nikaitikia.

Banda lilitupa mayai, sikatai. Mayai yale yalinunua madaftari.

Nyuma yetu alikaa mzee mmoja, fundi seremala, Mwislamu mcha Mungu, ambaye aliwahi kunitengenezea kabati bila kunidai salio hadi nilipoona aibu mwenyewe. Nyumba yao ya mbele ilikuwa imeuzwa katika mambo ya urithi, wakabaki na vyumba viwili vya uani, na mlango wao wa pekee ukawa ule wa kichochoroni. Mwaka 2017 mzee yule alifariki. Nilikwenda msibani, nikakaa mkekani pamoja na wenzangu. Ilipofika saa ya kumtoa, wanaume wakalibeba jeneza mabegani, wakaingia kichochoroni. Penye pembe ya ukuta wangu njia yapinda kidogo. Jeneza lilikataa kupinda. Wakarudi nyuma hatua mbili, wakajaribu tena, likagonga ukuta. Nasikia hata sasa ule mgongano wa ubao na tofali. Mmoja alitumbukiza mguu katika kijifereji cha maji machafu. Kisha mtu akasema kwa sauti ya chini, "Mpitisheni juu." Wakaliinua jeneza kwa mikono hadi juu ya vichwa, wakampitisha jirani yangu juu ya banda langu la kuku, na kuku wakaruka na kupiga kelele chini yake.

Hakuna aliyenitazama. Nilikuwa nyuma ya jeneza hatua sita, na watu wote wale, walionijua kwa miaka arobaini, walitazama mbele.

Siku ile ndipo nilipoanza kuifikiri kwa bidii hoja ya fundi baiskeli, miaka mingi kabla fundi mwenyewe hajaitamka. Maana mimi pia nilikuwa nimejiambia maneno matatu yale yale: kwamba si mahali pa mtu, kwamba nimechukua kidogo, na kwamba sikumdhuru yeyote. Naomba nianze na lile la pili, kwa kuwa ni la hesabu, na hesabu ndiyo kazi yangu.

Viko vitu vinavyogawanyika na vitu visivyogawanyika. Gunia la mchele la watu ishirini, mtu mmoja akichota kibaba, wenzake wamepungukiwa kibaba. Kosa lake ni kubwa sawasawa na kibaba kile, wala halizidi. Lakini njia si gunia. Chukua kichochoro cha hatua mia mbili, kipana futi sita mwanzo hadi mwisho, isipokuwa mahali pamoja ambapo mtu amekifanya futi tatu na nusu. Je, kichochoro hicho kina upana gani? Nimewauliza watoto wengi swali la namna hii, na wale wepesi hutafuta wastani. Jibu ni futi tatu na nusu. Kwa kitu kinachotaka kupita, upana wa njia ni ule wa mahali pake pembamba kuliko pote. Kwa hiyo mimi sikuchukua futi mbili na nusu mbele ya nyumba yangu. Nilichukua futi mbili na nusu za kichochoro kizima, mbele ya nyumba za watu wote, na wala sikupata faida yake isipokuwa pale penye kuku. Ndivyo ulivyo mtaro pia. Mtaro ulioziba mahali pamoja umeziba. "Kidogo" ni neno la gunia, nami nimelitumia kwa njia.

Lile neno la kwanza, kwamba si mahali pa mtu, linatokana na kuchanganya mambo mawili. Kitu kisicho na mwenyewe ni kama samaki baharini kabla ya kuvuliwa. Anayempata ni wake. Kitu cha wote si hivyo. Hicho kina wenyewe wengi mno. Wahenga wetu wa pwani waliijua tofauti hii kabla ya sheria za Wazungu: mtu akichimba kisima na kukiweka wakfu, kisima hakikuwa chake tena, wala cha mwanawe, wala hakikuwa cha anayewahi. Kilikuwa cha kila mwenye kiu, na kwa sababu hiyo hapakuwa na mtu awezaye kukiuza. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo yasema kwamba ardhi yote ya nchi hii ni ya umma, na Rais ni mdhamini tu. Kuwa na haki katika kitu cha wote ni haki ya kukitumia chote, pamoja na wengine. Haki yangu katika kichochoro ilikuwa ni kupita kutoka mwanzo hadi mwisho, mchana na usiku. Haikuwa ni kipande cha kukata na kwenda nacho nyumbani.

Wenye elimu wamelibishania sana jambo hili. Aristotle wa Uyunani aliona zamani kwamba kile kilicho cha watu wengi ndicho kinachotunzwa kidogo. Mwaka 1968 mtaalamu mmoja Mmarekani, Garrett Hardin, aliandika juu ya wachungaji wanaotumia malisho ya pamoja, kila mmoja akiongeza ng'ombe mmoja kwa faida yake, hata malisho yakaisha. Wengi walidhani mjadala umekwisha hapo: ama kila kitu kigawanywe kiwe cha mtu, ama serikali isimame na fimbo. Baadaye akaja mama mmoja, Elinor Ostrom, ambaye alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009. Yeye alikwenda kuwatazama watu wenyewe. Akaona kwamba sehemu nyingi watu hutunza cha wote kwa mamia ya miaka bila kugawana na bila fimbo kutoka mbali. Katika mji wa Valencia, Uhispania, wakulima wa mifereji hukutana kila Alhamisi mlangoni pa kanisa kuu, wanasikiliza mashtaka ya maji, na wanaamua papo hapo kwa mdomo. Sisi hatuna haja ya kwenda Uhispania. Wachaga wana mifongo yao, Wapare wana ndiva zao, na kila mmoja ajua siku yake ya kufungulia maji na faini ya mwizi.

Lakini katika habari hizo zote kuna kitu kimoja ambacho kwetu kilikosekana. Mtu husema. Pale Valencia mkulima humshtaki jirani yake mbele ya watu, kisha hurudi naye shambani. Sisi watu wa Tanga twajisifu kwa staha. Hatumwumbui mtu. Jirani akikosa twamsitiri. Hiyo ni sifa njema sana kwa mlevi anayerudi usiku au kwa mtu aliyegombana na mkewe, na ningeomba Mungu tusiipoteze. Ila kwa ukuta, je? Nakiri kwamba baada ya maziko yale, nilipokwisha kuona aibu, niliona pia hasira. Niliwakasirikia majirani. Nilijiambia, kwa nini hawakuniambia mwaka ule ule wa 1996, tofali la kwanza lilipowekwa? Hasira ya namna hiyo ni ya ajabu. Mwizi anamlaumu mwenye mali kwa kutopiga kelele. Hata hivyo si upuuzi mtupu. Maana kama wangalisema, ningalibomoa, na mzee yule angalipita mabegani mwa watu kama inavyompasa.

Niliwahi kumwambia hayo mjane wake. Nilimkuta barazani pa binti yake akichambua mchele. Nilisema, "Mama, kwa nini hamkuniambia?" Alichambua kwanza chuya tatu nne, akazitupa. Akasema, "Tungekwambiaje, Mwalimu? Wewe ndiwe uliyewafundisha wanangu kusoma. Na wewe ndiwe uliyekuwa ukituandikia barua za mirathi. Mtu kama wewe akijenga, sisi tunadhani ana karatasi."

Jibu lile limenisumbua kuliko jeneza. Nilidhani walinyamaza kwa upole. Kumbe walinyamaza kwa sababu waliniamini, na imani ile niliitumia kama fundi atumiavyo saruji. Angekuwa ni mchuuzi aliyejenga pale, wangalimpeleka kwa mwenyekiti wa mtaa kabla ya jua kuchwa.

Hapo nakumbuka mfano wa Msamaria, ambao tumeusikia mara nyingi kanisani hata hautushtui. Msamaria alikuwa mpita njia. Alimtendea wema mtu ambaye hangemwona tena. Nimejiuliza kama ni vyepesi zaidi kuwa jirani wa mtu wa njiani kuliko kuwa jirani wa mtu ambaye ukuta wake na wako ni mmoja, unayesikia kikohozi chake usiku na moshi wa jiko lako humwingilia. Kwa yule wa njiani yatosha siku moja ya huruma. Kwa huyu wa ukutani yatakiwa miaka thelathini ya kutosogea.

Msomaji aweza kuniuliza: je, na mama wa vitumbua? Na yule fundi baiskeli? Nao wako juu ya mali ya wote. Mwaka 2021, wamachinga walipoondolewa kando ya barabara katika miji mingi, baadhi yetu tulishangilia usafi, na wengine walilala na njaa. Sioni kwamba mizani ni moja. Mama wa vitumbua hukaa pale kwa sababu hana pengine, nami nilikuwa na ua. Yeye saa tatu asubuhi huzima moto, hubeba jiko lake, hufagia jivu, na barabara hurudi kuwa barabara. Ukuta wangu ulikaa usiku na mchana kwa miaka ishirini na moja. Yeye anatumia cha wote. Mimi nilikikata. Mtakatifu Basili, askofu wa Kaisaria katika karne ya nne, alifundisha kwamba nguo iliyofungiwa sandukuni bila kazi ni ya yule aliye uchi. Naamini kwa kipimo chake mama yule ana haki kubwa zaidi penye barabara kuliko mwenye gari aliyeliegesha pale mchana kutwa. Fundi baiskeli yuko katikati. Benchi na bati sina neno. Matairi juu ya mtaro, hapana, kwa sababu ya ile hesabu ya njia niliyoitaja.

Niliubomoa ukuta mwaka 2018. Nilipaswa kuubomoa wiki ile ile ya maziko, lakini mke wangu aliniuliza kuku wataenda wapi, nami nikalipokea swali lile kwa furaha, likanichukua miezi saba. Matofali yaliyokuwa mazima niliyapanga upya kwenye mstari wa zamani. Kazi ilipokwisha nilisimama kichochoroni nikiwa nimeridhika, nikapanua mikono, nikaona kweli kimepanuka.

Basi sikilizeni. Haukupita mwaka, jirani yangu wa upande wa kushoto akanunua tenki kubwa jeusi la maji. Akatafuta mahali pa kuliweka. Na mahali pazuri, palipo wazi, palipokuwa tayari pamesawazishwa, palikuwa pale pale ambapo banda langu lilikuwa. Akajenga kizimba cha matofali, akaliweka juu. Jeneza haliwezi kupita tena. Mimi niliona fundi akipima, nikaitwa na jirani mwenyewe nimshikie ncha ya kamba, na nikaishika. Nilisema tu, "Hongera kwa tenki."

Ndiyo sababu, wapendwa wasomaji, sikuweza kumjibu fundi baiskeli. Alikuwa ameuliza nimwonyeshe mwenyewe, na mwenyewe alikuwa amesimama mbele yake, amevaa kanzu nyeupe na kushika bakora, akiwa ameuza mali yake kwa ajili ya kutotaka uadui na jirani.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilipitia kwa fundi kwanza. Nilimwambia, "Uliniuliza mwenyewe ni nani. Mmoja wao ni mimi. Mwingine ni wewe." Akatazama chini. Kisha akasema kwamba matairi atayapeleka kwa mtu anayetengeneza kamba na kandambili, ila apewe siku tatu. Nilisema, "Nitakuja siku ya nne." Jioni, watu walipokwisha kutoka msikitini, nikaenda kwa jirani wa tenki. Alinikaribisha kwa furaha, akaagiza kahawa na kashata, akanisomea habari za mjukuu wake aliyefaulu mtihani. Ilinichukua vikombe vitatu. Nilipoanza kusema, nilianza na ukuta wangu mwenyewe, wa 1996, na jeneza, na kuku. Alisikiliza hadi mwisho. Alikuwa mmoja wa waliolibeba.

Akakaa kimya kwa muda, akageuza kikombe chake. Akasema, "Mgosi, kwa nini usiniambie siku ile uliposhika kamba?"

Tumepatana kwamba tenki litahamia mbele, penye baraza lake, mvua za vuli zikishapita, maana kwa sasa limejaa na haliondoleki. Nimeandika tarehe katika kitabu changu. Fundi, alipofika siku ya nne, alikuwa amebakiza matairi mawili.

Mwalimu Mstaafu,
Ngamiani, Tanga